Kivuli Katika Figo
Dada yangu alipopigwa picha ya ultrasaundi aliambiwa kuwa figo lake la kushoto lina uvimbe, huenda saratani. Shemeji akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba ili apate gharama za upasuaji. Picha ya CT, iliyopigwa baada ya kutiwa dawa mshipani, ilionyesha kuwa ule ni mnofu wa figo lenyewe, wa tangu kuzaliwa. Matabibu huuita safu ya Bertin. Simlaumu aliyeisoma ile ya kwanza: picha huonyesha umbo, asili hukisiwa. Hata CT hushindwa. Onkositoma, uvimbe usio saratani, hufanana nayo mno. Miongoni mwa wanaopasuliwa kwa uvimbe wa chini ya sentimita 4, takriban 1 katika kila 5 hukutwa hana saratani. Kabla ya kisu, muulize daktari kama kipande chaweza kupimwa kwanza kwa hadubini.