Deni la Matunzo

Katika madeni yote yadaiwayo mahakamani, sijui lililo la ajabu kuliko deni la matunzo ya mtoto. Mwenye duka akicheleweshewa haki yake miezi 14, siku alipwapo hupokea fedha zake na biashara yake huendelea. Mtoto aliyecheleweshwa muda huo si yule tena aliyekuwa akidai mwanzoni. Jambo hili sikulijua kwa kusoma. Nalijua kwa aibu.

Ndugu yangu anifuataye alizaa mtoto Mombasa na mwanamke ambaye hakumwoa. Mahakama ya watoto iliamuru atoe shilingi 8,000 kila mwezi. Alitoa mara tatu, akaacha. Deni lilipofika shilingi 112,000, mama wa mtoto alirudi mahakamani, na hati ikatolewa ya kumtaka mdaiwa afike aeleze kwa nini asifungwe. Mjumbe wa mahakama alipokuja kwangu kumwulizia, nilijibu kwamba sijui aliko. Saa ile ndugu yangu alikuwa amelala katika chumba changu cha wageni. Nilijiambia kuwa nasitiri nyumba ya mama yetu. Sitara ni neno zuri, na mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha maneno, ningalipaswa kujua ni mabaya gani hufunikwa kwa maneno mazuri.

Wala sitara hii haikuanza nyumbani kwetu. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyompa mama asiyeolewa njia ya kumdai matunzo baba wa mtoto wake. Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja liliifuta mwaka 1969. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 nayo ilimtwika mama kwanza mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa. Ni Katiba ya mwaka 2010 iliyotamka kuwa wajibu ni wa wazazi wote wawili sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Miaka 41 si kitambo kidogo kwa mtu angojaye chakula.

Jioni moja mama wa mtoto alikuja mwenyewe. Viatu vya ndugu yangu vilikuwa mlangoni. Aliviona, akavitazama sana, asiseme neno.

"Kaka, sikuja kugombana," alianza alipoketi. "Wewe ni baba yake mkubwa, nataka shauri lako. Nimeambiwa nikitaka afungwe, kwanza niweke mahakamani fedha za kumlisha huko gerezani. Mtoto nimemdaia chakula mwaka na zaidi sijapata. Sasa nimlishe na babake?"

Alikuwa ameambiwa kweli. Katika mashauri ya madai, anayetaka mdaiwa wake afungwe ndiye atoaye fedha za kumkimu kifungoni. Tena kifungo hakifuti deni. Atokapo hulikuta pale pale. Wanasheria watasema, na sikatai, kwamba gereza hilo halikuwekewa maskini asiye na kitu, ila mwenye nacho anayekaidi. Ndugu yangu alikuwa na pikipiki mbili alizozikodisha.

Kisha alinionyesha daftari. Alikuwa ameandika kila alichokopa: maziwa, unga, dawa ya kifua, karo. Mahali pawili paliandikwa viatu. Vya kwanza vilikuwa namba 27, vya pili namba 29. Jozi ya katikati haikununuliwa. Mtoto aliivuka namba hiyo katika viatu vilivyombana. Nilitafuta katika hesabu ya shilingi 112,000 mahali pa kuitia miezi ile ya kubanwa, nisipaone.

Usiku nilimwamsha ndugu yangu.

"Kaka, utanitoa nifungwe?" aliniuliza.

Nilimwambia kuwa uongo mmoja nimekwisha kuusema kwa ajili yake, na wa pili sina. Alikasirika, akanikumbusha marehemu mama. Nilimwacha akasirike.

Siku ya kuitwa tulikwenda pamoja. Alikuwa ameuza pikipiki moja. Alilipa shilingi 60,000 na kukubali kulimaliza deni lililobaki kwa mafungu, pamoja na matunzo ya kila mwezi. Hakimu hakumfunga, ila alimpangia siku ya kurudi. Nje, chini ya mwarobaini, mama wa mtoto alihesabu fedha mara mbili, akazitia ndani ya daftari. Alimwambia ndugu yangu tarehe ya fungu la pili, akaenda zake. Mimi hakuniaga.