Embe la Mwalimu

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza mimi ni nani hata nizungumzie mambo ya uchoraji, nikiri mapema: mimi si mchoraji. Nina cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitazitaja hapa. Nina madaftari makubwa matano yaliyojaa riwaya ambazo hakuna aliyezichapa. Naishi Kisesa, kwenye barabara iendayo Musoma kutoka Mwanza, na kazi yangu kubwa ni kusubiri. Lakini kuhusu embe nina la kusema.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu aliingia na kipande cha chaki akachora embe ubaoni. Lilikuwa embe zuri, lenye kikonyo na jani moja. Akasema, "Chora kama lilivyo." Kisha akaketi, akaendelea kusahihisha madaftari ya hesabu. Tulikuwa zaidi ya 80 darasani, watatu watatu, wanne wanne kwenye dawati. Wote wakainama wakachora embe.

Mimi sikuchora embe. Ulikuwa mwezi wa sita, na siku chache nyuma bibi alikuwa amenipeleka Bujora kwenye Bulabo. Huko nilimwona mtu akicheza na chatu shingoni, watu wakirudi nyuma na kusogea mbele, kurudi na kusogea, kama maji ya ziwa. Embe nililijua, nimelila tangu nizaliwe. Chatu yule ndo alikuwa bado anatembea kichwani mwangu. Basi nikamchora, mrefu, toka kona hii ya karatasi mpaka ile.

Mwalimu alipofika kwangu alisimama.

"We, hili ndo embe?"

"Hapana mwalimu. Ni chatu wa Bulabo."

"Nani kakwambia uchore nyoka?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli hakuna aliyeniambia. Nikapata viboko viwili na sifuri ya wino mwekundu, na mwaka ule sikuchora tena kitu ambacho hakikuwa ubaoni. Jina la shule naliacha, maana sikuja hapa kulipiza kisasi. Ila swali lile nimelibeba mpaka leo: nani kakwambia?

Sasa msomaji wa mbali hawezi kuona kichekesho cha jambo hili mpaka nimweleze Bujora ni nini. Ni kilima hapa hapa Kisesa, penye kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Aliyeanzisha ni Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, katika miaka ya 1950. Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Kanisa alilijenga la mviringo, kama msonge wa bibi zetu. Kuna na jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Na Bulabo yenyewe, inayofanyika kila mwezi wa sita, ni mashindano ya ngoma. Wapo Bagika, wapo Bagalu, vyama viwili vyenye utani na ushindani wa tangu karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna cha kubembelezana. Kama manju wako amekuja na mambo yale yale ya mwaka jana, watu wanageuka na kwenda upande wa pili. Wewe unabaki na ngoma yako na vumbi lako. Ndiyo maana kila kundi linakuja na jipya: wengine na majembe yanayorushwa hewani, wengine na chatu, wengine na kitu ambacho huwezi kukieleza mpaka ukione.

Kumbe basi, uwanjani anayerudia anashindwa, na darasani anayerudia ndiye anayepata vema. Mtoto yule yule, kilima kile kile.

Msiniambie kwamba kuchora tulikuja kufundishwa na chaki. Mwaka 1953 mtu mmoja aliyeitwa Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu picha za ukutani za wacheza nyoka wa Tanganyika. Bayeye, chama cha wacheza nyoka huku kwetu, walikuwa wakichora kwenye kuta ndani ya nyumba zao, na picha zile zilikuwa na mafunzo kwa wanaoingia chamani. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu. Nilichapwa kwa kuchora kitu ambacho wazee wa hapa walikuwa wakichora kabla shule yangu haijajengwa!

Basi. Nikamaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na mpelelezi mrefu, mwenye bastola na suti nyeusi, anayeishi Dar es Salaam katika hoteli yenye lifti. Dar sijafika hata siku moja. Nilimpa mshikaji wangu mmoja pale kijiweni asome. Akarudisha daftari baada ya siku mbili, akasema, "Bwana, si mbaya. Lakini huyu si Willy Gamba wa Musiba umembadilisha jina tu?"

Nilikasirika, sikusema naye wiki nzima. Baadaye usiku nikiwa nimelala nikaelewa. Nilikuwa nimechora embe. Kurasa 200 za embe la mwalimu.

Mwaka jana nilimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa jirani aniruhusu kufundisha kuchora kila Ijumaa jioni, kwa kujitolea. Mzee yule alinitazama, akauliza, "Utalipwa na nani?" Nikasema hakuna. Akasema, "Haya, ila wasipige kelele." Mtihani wa kumaliza darasa la saba hauna karatasi ya uchoraji, kwa hiyo hakuna aliyeona nitaharibu nini.

Ijumaa ya kwanza niliingia kifua mbele. Nilikuwa na hotuba yangu. "Wanangu, leo hakuna kuiga ubaoni. Choreni chochote mnachotaka. Mko huru!"

Kimya. Mtoto mmoja akanyosha kidole: "Mwalimu, chochote ndo nini?"

Baada ya nusu saa nikakusanya makaratasi. Embe. Embe. Nyumba yenye paa la pembe tatu na madirisha mawili. Ua. Bendera. Embe. Nilitaka kulia. Hakuna aliyekuwa amewapa embe siku ile, wameleta wenyewe. Nikaenda nyumbani nikisema moyoni kwamba watoto hawa wameshaharibika, hawana cha kusema.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosea, na wengi wetu tunaopenda neno uhuru tunakosea hapo hapo. Ukimfungulia kuku aliyekaa tengani siku nyingi, haruki. Anasimama pale pale mlangoni. Ukimwambia ruka, ndo kwanza anarudi ndani.

Nikaanza kutafuta wenzangu walifanyaje. Nikasoma habari za Margaret Trowell, mama Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937. Yeye hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakachora kile walichokiona vichwani mwao. Katika mikono yake walipita vijana wa Tanganyika. Mmoja ni Sam Ntiro wa Machame, ambaye mwaka 1956 alichora watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha ile sasa iko katika jumba la sanaa la kisasa la New York. Pombe ya ndizi ya Wachaga, New York! Mwingine ni Elimo Njau wa Marangu, aliyeshiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Yeye akawa na msemo wake kwamba tusiige, kwa sababu kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Nilielewa kitu kimoja. Wale walimu hawakusema "chora chochote" halafu wakakaa. Walimwuliza mtoto swali ambalo jibu lake analo yeye peke yake.

Ijumaa iliyofuata sikutoa hotuba. Nikasema, "Fumbeni macho. Jana jioni, ulipofika nyumbani, mlangoni kwenu palikuwa na nini? Nani alikuwa amekaa? Alikuwa anafanya nini mikono yake?" Wakacheka kwanza, kisha wakanyamaza. Penseli hazikutosha, wengine nikawapa vipande vya mkaa.

Jamani! Nilipata bibi anakatakata viazi vya michembe, na mikono yake mikubwa kuliko kichwa. Nilipata baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, dereva haonekani, miguu tu. Nilipata konda wa daladala ananing'inia mlangoni mdomo wazi, na ndani ya mdomo mtoto ameandika "IGOMA". Mvulana mmoja alichora mlango tu, umefungwa, na kufuli. Sikumwuliza. Nilimwambia tu, "Hii kufuli umeichora vizuri." Akainamisha kichwa, akaendelea kuikolezea.

Nikaanza kujiona mwalimu. Na ukijiona tu, hapo hapo unaanguka.

Ijumaa ya nne niliwaambia wachore usiku. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mkimya, alichukua mkaa akaanza kupaka karatasi nzima. Anapaka, anapaka. Karatasi zenyewe nilizinunua kwa pesa yangu, nazihesabu. Nilipomfikia, ukurasa wote ulikuwa mweusi, mikono myeusi, sare nyeusi, na humo katikati kaacha vitone vyeupe vidogo, vingi, vimetawanyika.

Nikasema, tena kwa sauti darasa zima lisikie: "Sasa hii ni picha au umepoteza karatasi? Nani kakwambia upake mkaa kote?"

Maneno yalipotoka mdomoni niliyatambua. Hayakuwa yangu. Yalikuwa yamekaa ndani yangu miaka yote ile, yakisubiri zamu.

Yule mtoto hakulia. Akasema polepole, "Shikamoo mwalimu," kama vile salamu ingenipoza. Kisha akasema, "Ni ziwani. Hizi ni taa za dagaa."

Nikanyamaza. Aliyewahi kusimama Igombe au Kayenze usiku wa giza anajua. Wavuvi wa dagaa wanatoka mwezi ukiwa haupo, maana dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Ukisimama ufukweni unaona ziwa kama mji, na mji huo hauna nyumba hata moja.

"Baba yumo," akasema.

"Ipi taa yake?"

"Sijui mwalimu. Ndo maana nimeziweka zote."

Sina cha kuongeza juu ya jibu lile. Nimeandika riwaya tano, na katika zote hakuna sentensi inayofikia hiyo.

Kwetu si kawaida mkubwa kumwomba radhi mtoto, tena mbele za watu. Nilijikwaa kwaa, nikasema, "Nilikosea. Hii ni picha. Nimeiona sasa." Darasa likaguna. Mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata, nadhani walifurahia zaidi kuona mwalimu amekosea.

Siku ile nikiwa natembea kurudi nyumbani nilimkumbuka mwalimu wangu wa embe, kwa mara ya kwanza bila hasira. Alikuwa na watoto 80 na chaki moja. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumwuliza watoto wako wanaona nini. Bila shaka na yeye alichorewa embe, na aliyemchorea alichorewa lake. Embe lile lina ukoo mrefu. Lakini mtu mmoja katika ukoo lazima aliache ubaoni na asiligeuze kuwa sheria. Kazi yenyewe si kubwa. Uliza swali la kweli, kisha jizuie kusema mpaka mtoto amalize kujibu. Hiyo sehemu ya pili ndo ngumu, nimekuonyesha nilivyoanguka.

Na kwa nyinyi wenzangu mnaoandika: mpelelezi wangu wa Dar nimemlaza sandukuni. Ng'ambo ya maji yetu haya, Ukerewe, mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, juu ya mume na mke wa hapo hapo kwao wanaotafuta mtoto. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 alisubiri, na sijasikia kwamba katika kusubiri alimtia Bwana Myombekere suti nyeusi. Mimi nimesubiri miaka michache tu halafu nalalamika kijiweni! Nimeanza daftari la sita. Linaanzia mlangoni kwa bibi, na michembe imeanikwa juu ya jiwe.

Ile picha nyeusi niliiomba niibandike ukutani darasani. Msichana akakataa, kwa adabu zote. Akaikunja mara nne, mkaa ukamchafua zaidi, akaitia kwenye daftari la Kiswahili.

"Mbalamwezi ikitoka baba anarudi," akasema. "Nataka anionyeshe ipi ni yake."