Maisha Yangu Kati ya Masanduku ya Abiria

Kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu, tangu ujana hata nywele zilipogeuka rangi, ilikuwa kupokea masanduku ya watu wengine na kuyatafutia mahali. Kwanza katika gati za Kilindini, ambako niliyachukua mabegani, na baadaye melini, ambako niliyapanga vyumbani mwa wenyewe. Si kazi inayoandikwa katika tarikhi, wala mwenye kuifanya hasimuliwi barazani kama asimuliwavyo nahodha aliyeokoa chombo katika tufani. Walakini ina elimu yake, na madhali walionifunza elimu hiyo wamekwisha kuitika wito wa Mola wao, na vijana wetu sasa wanaingia kwa wingi katika meli za watalii wakidhani kuwa chumba chembamba ni ubahili wa mwenye meli, naona ni wajibu wangu kueleza niliyoyajua.

Nilizaliwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, nikaingia Kilindini katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, wakati ambapo bandari ilikuwa bado lango kuu la wageni, na ndege ilikuwa njia ya wachache wenye haraka. Meli zilizongojewa kwa hamu zilikuwa Kenya na Uganda za kampuni ya British India, ambazo ziliundwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1951 na mwaka 1952, zikafuata njia ya London, Gibraltar, Marseille, Port Said na Aden hata Mombasa, kisha zikateremka pwani yetu kwa Tanga, Unguja na Dar es Salaam mpaka Beira. Abiria wake hawakuwa watalii wa juma moja. Walikuwa maofisa wa serikali, wamisionari, walowezi na wake zao, watu waliokuja kukaa miaka, na kwa sababu hiyo walisafiri na nyumba nzima: vyombo vya kaure, vitabu, cherehani, na nguo za sufu ambazo hazikuwa na kazi yoyote katika jua la Mombasa. Haki yao ya mizigo ilipimwa kwa futi za ujazo, wala si kwa uzani, kwa kuwa meli haioni taabu kuchukua ratili kadhaa zaidi, lakini huona taabu kubwa kitu kisipokuwa na mahali pa kukaa.

Msimamizi wa kikosi chetu cha mahamali alikuwa mzee ambaye hakupata kusoma ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani, lakini alizitambua herufi zote za Kizungu kwa maumbo yake, maana kila sanduku lilibandikwa karatasi yenye herufi kubwa ya kwanza ya jina la ukoo wa mwenyewe, na katika banda la forodha masanduku yalipangwa chini ya herufi hizo, ili kila mtu aelekee kwenye herufi yake na kukuta mali yake. Siku niliyoandikwa kazi nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akaniambia, "Mwanangu, mwenye sanduku usimtazame uso, tazama kibandiko. Uso wa msafiri utakwambia kwamba vitu vyake vyote ni vya haraka. Kibandiko ndicho kitakachokwambia kweli."

Alikuwa na haki kusema hivyo, kwani mbali na herufi palikuwa na vibandiko vya namna tatu, na mizigo yote ya dunia iligawanyika humo. Kibandiko cha kwanza kilisema kwamba mzigo ni wa chumbani, na huo tuliufikisha mpaka kitandani pa abiria. Cha pili kilisema kwamba mzigo unatakiwa safarini, na huo ulikwenda katika chumba maalumu cha mizigo, ambacho kilifunguliwa kwa saa zilizotangazwa ili abiria ashuke, afungue sanduku lake, atoe alichokihitaji na arudishe alichokwisha kukitumia. Cha tatu kilisema kwamba mzigo hautakiwi safarini, na huo ulitumbukizwa katika ngama, usionekane tena ila katika bandari ya mwisho.

Watu wengi waliviona vibandiko hivyo kuwa ni udhia wa makarani. Mimi nilijifunza kuvistahi siku nilipowatazama abiria wakipanda Mombasa mwezi wa Disemba kurejea kwao. Msafiri wa safari hiyo alihitaji nguo nyepesi mpaka mwisho wa Bahari ya Shamu, na koti la sufu baada ya Mfereji wa Suez, na sahani zake za kaure asingezihitaji kabisa kabla ya kuingia katika nyumba yake ya Uingereza. Aliyeyajua hayo aliketi sebuleni kwake Nairobi, akavigawanya vitu vyake kwa bandari na hali ya hewa, na chumba chake kikawa na wasaa. Asiyeyajua alibandika kila sanduku kuwa ni la chumbani, na tulipomaliza kumpangia hakuwa na mahali pa kuweka miguu, ilhali jirani yake mwenye chumba sawasawa na hicho alikuwa ameketi akinywa chai. Hapo nilifahamu kwamba nafasi ya melini haitokani na futi za chumba peke yake. Hutokana pia na kujua kila kitu kitahitajiwa lini. Chumba cha meli hupangwa kama dau linavyopakiwa: kitakachoshuka bandari ya kwanza ndicho kiingiacho mwisho.

Waundaji wa masanduku wa zama zile waliyaelewa mambo haya. Sanduku la chumbani lilikuwa refu na pana, lakini kimo chake kilikuwa kifupi, aghalabu inchi 13 au 14, ili lipenye chini ya kitanda bila kukwama. Matajiri walikuwa na sanduku jingine, lililosimama wima na kufunguka katikati, upande mmoja nguo zikining'inia kwenye vitundikio, na upande wa pili wakipangana watoto wa meza wa viatu, vitambaa na vipodozi, hata mwenyewe aliweza kusafiri nusu ya dunia asihitaji kabati ya meli. Lilikuwa jambo la fahari kuliona, na jambo la uchungu kulipandisha ngazi.

Palikuwa na wasafiri wengine ambao hawakuwa na chumba cha kugombea. Karanja, meli iliyokwenda na kurudi baina ya Bombay, Shelisheli na pwani yetu, ilichukua watu wengi wa sitaha, wafanyabiashara wadogo, mafundi, wajane na watoto, ambao mali yao ilikuwa sanduku la bati lililopakwa rangi, matandiko yaliyofungwa kwa kamba, na kikapu cha vyakula. Niliwaona wakipanda na kushika mahali pao: masanduku yalipangwa kando kuwa mpaka baina ya jamaa na jamaa, shuka ikatundikwa juu yake kuwa sitara ya wanawake, chakula kikawekwa upande wa kichwani, na kabla mahamali hatujashuka, mama wa nyumba alikuwa amekwisha kujua kila kijiko kilipo. Sikuona katika daraja ya kwanza watu walioitumia nafasi yao kwa ustadi zaidi ya hao.

Kisha zama zikageuka. Ndege zikawachukua abiria. Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita vya mwaka 1967, usifunguliwe tena hata mwaka 1975. Kenya ikauzwa ivunjwe mwaka 1969. Na Uganda, baada ya kugeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi na kutumika kuwa hospitali katika vita vya Falkland mwaka 1982, nayo ikaishia kwa wavunja vyuma wa Taiwan. Mahamali wa abiria tulitawanyika. Wengine walikwenda kwenye magunia ya kahawa na chai. Mimi nilipata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya ufukoni, kaskazini ya mji, na huko nikajifunza adabu ya kuingia katika chumba cha mtu na kutoka bila kuacha alama yangu.

Elimu mbili hizo, ya masanduku na ya vyumba, zilikutana mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipoandikwa mtumishi wa vyumba katika Royal Star, meli ndogo ya watalii iliyoundwa Italia mwaka 1956 ikiitwa San Giorgio, ambayo sasa ilifanya Mombasa kuwa maskani yake, ikawatembeza wageni Unguja, Shelisheli, Komoro na Bukini. Umri wangu ulikuwa umri wa kutafuta kiti cha baraza, lakini bahari haikunitoka moyoni, na riziki ya hotelini ilikuwa imepungua.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mizani ya ulimwengu ilikuwa imebadilika. Abiria hawa walitoka Ulaya kwa ndege, na ndege haiulizi futi za ujazo; huuliza kilo, aghalabu 20 kwa mtu. Basi walikuja na mizigo myepesi, tena yenye magurudumu. Mmarekani Bernard Sadow alipewa hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akalisimamisha wima na kulipa mkono mrefu wa kuvutia, na kwa maarifa ya watu wawili hao kazi ya mabega yetu ikapungua kwa namna ambayo hakuna sheria ingeweza kuifanya. Walakini kilichofaa katika uwanja wa ndege hakikufaa vivyo hivyo melini. Meli iendapo mrama, sanduku lililosimamishwa juu ya magurudumu yake hutembea chumbani usiku bila kutumwa, ligonge mlango, ligonge mguu wa kitanda, mpaka mwenyewe aamke akidhani pana mwizi. Kwa hiyo nililaza kila sanduku ubavu, hata siku ambayo bahari ilikuwa shwari.

Utaratibu wangu wa kupanga ulikuwa mmoja. Niliwasihi wageni watoe vitu vyote siku ya kwanza, kwa sababu mtu anayeishi ndani ya sanduku lake hulifungua sakafuni kila asubuhi, na chumba kikawa hakina njia. Sanduku lililokwisha kuwa tupu nililitia ndani ya jingine kubwa, na hilo kubwa likaenda chini ya kitanda. Wawili wakiwa chumba kimoja, kila mmoja nilimpa upande wake wa kabati na mtoto wa meza wake, maana ugomvi mwingi wa mume na mke safarini niliousikia ulianza kwa soksi zilizochanganyika. Makoti ya kuokolea maisha yalikuwa na mahali pake, na mahali hapo sikumruhusu mtu apatumie kwa kofia wala viatu. Wala sikukubali sanduku liachwe ujiani hata kwa saa moja, kwa kuwa ujia wa meli ni njia ya kukimbilia moto, na moshi haungoji mtu aondoe mzigo wake.

Taabu ilikuja baada ya bandari. Mgeni aliyetoka Ulaya na kilo zake 20 alirudi kutoka Unguja na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, akatoka Bukini na vikapu na vanila, akatoka Shelisheli na ile nazi kubwa ya mapacha iitwayo coco de mer, ambayo hata ikitolewa kiini haina umbo la kukaa katika sanduku lolote nilijualo. Meli ilivipokea vyote bila manung'uniko. Chumba kilianza kujaa, na mwenyewe hakutanabahi mpaka alipokumbuka kwamba ndege ilikuwa ikimngoja. Makasha ya Unguja yaliuzwa kwa wingi kwa watu wa meli za zamani, ambao walikuwa na ngama ya kuyatia; mgeni wa ndege alifaa kununua leso, kikoi na bizari, na nilimwambia hivyo kwa upole kila aliponiuliza.

Usiku wa mwisho ulikuwa mtihani wa wote. Masanduku yalitakiwa yawekwe nje ya milango kabla ya usiku wa manane, yenye vibandiko vya rangi, ili yakusanywe na kuteremshwa mapema. Kila safari alikuwapo mtu aliyefunga kila kitu kwa bidii, akalala kwa raha, na alfajiri akanipigia kengele kunieleza kwa haya kwamba suruali yake imekwisha kushuka. Nilikwenda kumtafutia. Sikumcheka, lakini nilimkumbuka msimamizi wangu wa Kilindini, ambaye angalimbandikia suruali hiyo kibandiko cha chumbani kwa mikono yake mwenyewe.

Chumba changu mimi kilikuwa chini, karibu na mashine, chenye vitanda viwili vya kupandana na kabati ya chuma isiyozidi upana wa mabega. Tulikaa wawili humo, na kila mmoja alikuwa na nguo za kazi, nguo za kushukia pwani, msala, picha za watoto, na maagizo ya jamaa yaliyokuwa yakiongezeka kila bandari. Abiria alijaza chumba chake kwa anasa; sisi tulijaza chetu kwa ahadi, na ahadi ni ngumu zaidi kuiacha nyuma. Wenzangu walioondoka nyumbani na masanduku yaliyoshiba walitupa viatu vyao wenyewe ili wapate pa kutia blanketi la mama.

Vijana wa Mombasa, Tanga na Unguja hunijia sasa kuniuliza wachukue nini waendapo kuandikwa melini, na baadhi yao huanza kwa kulalamika juu ya udogo wa kabati kabla hawajaiona. Huwajibu kwamba kabati haitaongezeka, na kwamba mwenye meli aliyewapimia sentimeta hizo hakuwauliza watapenda nini, wala hatawauliza. Kilichomo katika uwezo wao ni hesabu ya wakati: siku ya kwanza watavaa nini, bandari ya kwanza watatumia nini, na mwisho wa mkataba watarudi na nini. Kisha huwataka waondoke na sanduku lililojaa nusu. Wengi hucheka, wakadhani ni ubahili wa mzee. Wanaporudi likizo, wenyewe ndio wanaowaagiza wadogo zao hivyo hivyo.