Kuupanda Mlima kwa Umbwe

Njia nyingi za Kilimanjaro humbembeleza mtu kwanza. Marangu ina vibanda vya kulala na mwinuko wa taratibu. Lemosho huanzia mbali, upande wa magharibi, na kukupitisha kwenye uwanda wa Shira kabla mlima haujaanza kukudai chochote. Umbwe haina adabu hizo. Inaanzia juu ya migomba na mibuni ya Kibosho, kwenye mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, inaingia msituni, inashika mgongo mwembamba ulio kati ya mabonde mawili na kupanda nao hadi kambi ya Barranco, inayokaribia mita 4,000. Wengi humaliza kipande hicho kwa siku mbili.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, na kwetu anayelalamikia mwinuko huwa anazungumzia ngazi za ghorofa. Niliposikia takwimu hizo niliuliza kuhusu magoti. Kiongozi wetu, mwenyeji wa Kibosho aliyeanza kazi ya mlima kwa kubeba mizigo, alicheka.

"Dada, magoti ni habari ya kushuka. Kwenye kupanda, tuangalie kichwa."

Siku ya kwanza sikumwelewa, kwa sababu msitu wa Umbwe unashughulisha mwili mzima. Njia ya magari ya misitu ikiisha, kinachobaki ni mizizi. Unaweka mguu kwenye mzizi mmoja, unashika wa pili, unajivuta kuelekea wa tatu, na chini yake ni tope. Kuna mahali nilipanda kwa mikono zaidi ya miguu. Kulia na kushoto ardhi inaporomoka hadi huoni mwisho wake. Unasikia maji tu. Kila nilipojidai nimesimama kutazama mimea, kwa kweli nilikuwa natafuta pumzi, lakini angalau mimea yenyewe inastahili kutazamwa. Kuna ua dogo jekundu lenye mkia uliopinda ambalo halioti kokote duniani ila kwenye mlima huu. Juu zaidi miti inapungua kimo na matawi yanaota ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye ukungu.

Wakati sisi tukijivuta, wapagazi walikuwa wanatupita. Wenyewe hujiita wagumu. Mizigo yao hupimwa kwenye mizani langoni, na hifadhi hairuhusu izidi kilo 20. Kijana mmoja alikuwa na mtungi wa gesi begani na mfuko wa mahema kichwani, na akapita kwenye ile mizizi bila kushika kitu. Akanipa pole. Mimi, niliyebeba maji na koti la mvua.

Ukali wa Umbwe niliuelewa Barranco. Mandhari ya pale ni ya ajabu: bonde pana, miti minene ya seneshia yenye mashina yaliyovikwa majani makavu, na ukuta mweusi wa mawe mbele yako. Mwenzangu, mkimbiaji wa mbio ndefu aliyekuwa akitutangulia siku nzima, alifika wa kwanza. Usiku ule alikataa supu, akashika kichwa, kisha akatoka nje kutapika.

Hewa ya mlimani ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Tanga, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo. Kwenye kilele cha mita 5,895 unabaki kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa nusu ya ulichozoea. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinafanya kazi yake kuweka damu sawa, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini unataka siku, na miguu yenye nguvu haiufupishii muda huo. Ndiyo maana vijana wenye mazoezi hukamatwa mapema kuliko mama wa makamo anayetembea kwa kujikongoja. Umbwe inakufikisha mita elfu nne wakati damu yako bado iko mita elfu mbili.

Asubuhi kiongozi alimtembeza mwenzangu kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Angeyumba, angeteremshwa saa ileile. Hakuyumba, lakini hatukuruhusiwa kusonga mbele. Tulipelekwa taratibu hadi Lava Tower, mnara wa jiwe la volkano kwenye mita 4,600 hivi, tukakaa huko kidogo, tukarudi kulala Barranco. Panda juu, lala chini. Mwenzangu alinung'unika njia nzima kwamba tunarudia njia na kupoteza siku. Jioni alikula wali sahani mbili.

Tulipokuwa Lava Tower kiongozi alituonyesha Western Breach, pengo lililo wazi kwenye kuta za Kibo, kilele kikuu cha mlima. Zamani waliopanda kwa Umbwe wengi waliendelea moja kwa moja kupitia huko, na wapo wanaopita hadi leo. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Barafu iliyokuwa imeyagandisha mawe hayo inazidi kuisha. Tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Nilifurahi kwamba ratiba yetu ilipinda kuelekea mashariki.

Ukuta wa Barranco, unaotishia watu wengi kwenye picha, ulikuwa starehe. Unapanda kwa mikono, na mahali pamoja unalikumbatia jiwe kifua kwa kifua ili usiegemee upande wenye shimo. Bonde la Karanga ndipo maji ya mwisho yalipo. Yale tuliyonywea chai kambini Barafu, mita 4,673, yalipanda kutoka huko vichwani mwa wagumu, na tangu nijue hivyo sikumwaga hata tone la kunawia.

Usiku wa kilele una maelezo machache. Unaondoka karibu na saa sita usiku, changarawe ikiwa bado imeshikwa na baridi, maana jua likiipiga inakutelezesha nyuma. Unatazama visigino vya mtu wa mbele. Tulipishana na kijana akiteremshwa, viongozi wawili wamemshika makwapa, miguu yake ikijikanyaga. Kiongozi wetu alituangalia usoni mmoja mmoja kwa tochi, akatuuliza majina ya mama zetu, tukajibu, tukaendelea. Tulipofika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, jua lilichomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi. Kilele cha Uhuru tulikifikia mwenzangu akiwa nyuma yangu, kwa hiari yake. Hapo ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge wa uhuru wa Tanganyika Desemba 1961. Sisi tulipiga picha na glavu mikononi, tukafukuzwa na baridi.

Wakati wa kushuka kwa njia ya Mweka nilimuuliza kiongozi kwa nini watu wanaendelea kuifanya Umbwe kwa haraka.

"Ni hela, dada. Siku moja zaidi ni ada ya hifadhi, chakula, posho za watu wote hawa. Mgeni akitaka kupunguza, anaanza na ile ya Barranco. Anaona haina kilele wala picha."

Mwenzangu sasa anakusanya watu wa ofisini kwake kwa mwaka ujao. Ratiba aliyowatumia inaanza na usiku mbili Barranco, na wawili wameshamwandikia kuuliza kama mmoja unaweza kuondolewa.