Kukaa Ugenini kwa Mhudumu wa Ndege

Yamkini umepata kuiona picha ya mhudumu wa ndege: kofia imeinamishwa kidogo, kitambaa kimefungwa shingoni, sanduku dogo la magurudumu li mkononi, na uso una tabasamu lisilojua jasho. Wanafunzi wangu huikata picha hiyo wakaibandika ndani ya majalada ya madaftari yao. Siwalaumu. Kazi hiyo ni njema, nayo imewainua vijana wengi wa nchi hii. Nami nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliyeajiriwa na shirika moja la Ghuba akapelekwa kukaa Dubai. Nataka nikueleze jinsi alivyokaa, kwa maana kufika ugenini ni jambo la saa tano tu kutoka Nairobi, lakini kukaa kulimchukua karibu mwaka.

Sisi ni watu wa Wundanyi, katika milima ya Taita, mahali penye ukungu wa asubuhi na maji baridi ya vijito. Mdogo wangu alipoomba kazi hiyo, alitakiwa awe ametimiza miaka 21, akijue Kiingereza vyema, na mkono wake ufike sentimita 212 anaposimama kwa ncha za vidole vya miguu bila viatu. Tulipima kwa utepe wa fundi wa nguo, mama akatia alama ya makaa ukutani, na kila asubuhi binti akawa anajinyosha kuifikia kabla ya kunywa chai. Tulidhani sharti hilo ni la urembo. Kumbe sivyo: vifaa vya dharura huwekwa katika makabati ya juu ndani ya ndege, na asiyeyafikia ni kama askari wa zimamoto asiyefikia bomba. Neno moja zaidi kabla sijapita: hakutozwa hata senti moja ili aajiriwe. Mashirika ya kweli hayauzi kazi. Mtu akikudai ada ili akupe nafasi angani, shika mkoba wako, uondoke.

Mafunzo yalichukua karibu miezi miwili, nayo yalimshangaza. Alidhani ataanza kwa kujifunza kubeba sinia. Alianza kwa moto, moshi na maji. Alizima moto wa kweli ndani ya chumba kilichotengenezwa mfano wa ndege. Akajirusha juu ya mtelezo wa mpira unaojaa upepo. Akavuta wenzake ndani ya bwawa la kuogelea na kuwapandisha katika mashua ya mpira. Akafundishwa kuuamsha moyo uliosimama, na kumpokea mtoto azaliwaye mahali pasipo mkunga. Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishana sisi kwa sisi, mwenzako akijifanya mtoto mtundu wa darasa la tatu, na hatari kubwa iliyotukabili ilikuwa vumbi la chaki. Nilipozisoma habari zake nilinyamaza.

Wala mambo hayo si mapya katika kazi ile. Mwanamke wa kwanza kuifanya, Ellen Church wa Marekani, alikuwa muuguzi. Tarehe 15 Mei 1930 aliruka na abiria kuelekea Chicago, na wenzake saba walioajiriwa pamoja naye walikuwa wauguzi vilevile. Walichaguliwa vijana, wembamba, na wasioolewa. Na katika mashirika mengi ya Marekani desturi ya kumwachisha kazi aliyeolewa iliendelea hata miaka ya 1960. Ukimwona leo mhudumu aliye mama wa watoto akifunga mlango wa ndege, ujue kwamba ruhusa hiyo ilidaiwa, haikutolewa kama sadaka.

Kiini cha kazi, mdogo wangu aliniambia, ni ule mlango. Sheria yataka ndege kubwa ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka kwa nukta 90, hali nusu ya milango imefungwa. Mwezi Machi 2006, mjini Hamburg, ndege ya Airbus A380 ilijaribiwa gizani, na watu 873 wakatoka kwa nukta 78. Hilo lilikuwa jaribio. Tarehe 2 Januari 2024 halikuwa jaribio tena: katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikashika moto. Watu watano wa ndege ile ndogo walikufa, lakini wote 379 wa ndege ya abiria walitoka hai, wakiongozwa na wahudumu kwa sauti, na mizigo ikaachwa nyuma. Kwa hiyo mhudumu anapokaa katika kiti chake kidogo wakati ndege inapaa, mikono ameiweka chini ya mapaja na macho yametulia, usidhani anawaza nyumbani. Anajiuliza moyoni: mlango wangu unafunguliwaje, nje kuna nini, nani kati ya hawa atahitaji kubebwa? Hujiuliza hivyo kila safari. Baada ya hapo ndipo huinuka akauliza kama ungependa chai au kahawa.

Hayo aliyaweza. Lililomshinda mwanzoni ni kukaa.

Alifika mwezi wa Agosti, wakati joto la Dubai hupita digrii 40 na hewa ya bahari huganda mwilini kama nguo mbichi. Alipewa nyumba na mwajiri, bila kodi, pamoja na wasichana wawili, mmoja Mfilipino na mwingine Mbrazili. Walikuwa watu wema. Lakini kila mmoja alikuwa na ratiba yake, na ziliweza kupita siku kumi wasionane. Wakawa wanaandikiana vikaratasi juu ya mlango wa friji: maziwa ni yako, usiku mwema, nimekwenda Seoul. Kazini nako wenzake walibadilika kila safari, maana shirika lina wahudumu maelfu. Leo unazima kiu ya watu mia tatu pamoja na wenzako kumi na wanne, mnacheka, mnasaidiana, mnaambiana siri za maisha jikoni mwa ndege saa za usiku. Kesho mnaagana uwanjani, na yamkini hamtaonana tena. Kwa mtu aliyelelewa mahali ambapo huwezi kwenda dukani bila kusalimiwa na watu saba, huo ulikuwa upweke wa namna mpya: upweke katikati ya watu.

Kisha palikuwa na saa. Dubai imetutangulia kwa saa moja tu, na hilo si neno; lakini ratiba za ndege huandikwa kwa hesabu ya saa 24, na mama yetu husoma saa kama Waswahili wote wasomavyo. Mdogo wangu aliandika kwamba ataondoka kwenda London saa 02:15. Mama akasoma saa mbili na robo. Asubuhi ya siku ile aliacha kazi zake zote, akapiga magoti saa mbili na robo kamili, akaiombea ndege ipae salama. Ndege ilikuwa imepaa saa saba na robo usiku kwa saa zetu, na wakati wa maombi yale ilikuwa yakaribia kutua London. Tulipomweleza, mama alijibu kwamba Mungu hana saa. Hata hivyo tangu siku ile hesabu za kugeuza saa zimeandikwa kwa chaki karibu na meko, na mama sasa huzijua kuliko mimi.

Na usingizi! Hakuna anayekuonya habari za usingizi. Juma moja hulala mchana, juma la pili hulala usiku, la tatu halijulikani, na mara nyingine huwekwa katika zamu ya kungoja, sanduku limefungwa, akaitwa aende asikokujua. Mwili hukasirika. Hewa ya ndani ya ndege nayo ina lake: hulinganishwa na hewa ya mahali palipoinuka futi 6,000 hata 8,000, yaani kama ya Limuru, ila Limuru kuna umande, na ndani ya ndege unyevu hupungua chini ya asilimia 20. Mtu hutoka humo midomo imepasuka, miguu imevimba, masikio yanavuma, naye yampasa aonekane kama ile picha ya daftarini.

Nilikwenda kumtazama likizo ya Desemba, kwa tiketi ya bei nafuu ambayo wafanyakazi hupewa kwa ajili ya jamaa zao. Alinipeleka nivuke hori ya Dubai kwa mashua ndogo ziitwazo abra, nauli dirhamu moja, tukaingia katika nyumba za kale ng'ambo ya pili. Nikainua macho, nikaona dari. Boriti za mikoko! Zilitoka pwani yetu, Lamu na Rufiji, zikabebwa na majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Na kwa kuwa boriti zina urefu wake, upana wa vyumba ulifuata urefu huo. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jirani. Kumbe miti yetu ilikuja kukaa huku kabla ya mabinti zetu.

Kule Deira, katika soko la viungo, bibi mmoja mzee alitusikia tukizungumza akageuka. "Wanangu, mwatoka pande zipi?" Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Alikuwa mtoto wazazi wake walipoondoka huko baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Alitueleza duka linalouza mchicha na unga wa mahindi, akamwuliza mdogo wangu kama anakula, maana alimwona amekonda. Kisha akasema, kama mtu asemaye jambo dogo, kwamba mama yake alikaa miaka miwili hapa hajalifungua sanduku moja alilokuja nalo.

Jioni ile mdogo wangu alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda chake. Lilikuwa bado limefungwa kwa kamba ya mama. Akakaa juu yake, akaniuliza: "Dada, nikirudi nyumbani, mtanicheka?"

Msomaji, swali hilo lilikuwa na uzito wa nyumba nzima. Mama alikwisha kutangaza sokoni Wundanyi kwamba binti yake yu angani. Baba mdogo alikwisha kuhesabu mabati. Binamu wawili walikwisha kutaja karo zao. Kijana huyu alikuwa hajamaliza hata kipindi cha majaribio, na tayari mshahara wake ulikuwa umekwisha kugawanywa katika vikao ambavyo yeye hakualikwa. Sisemi jamaa zetu ni wabaya. Tulilelewa kwa jasho la wengi, na ni haki deni hilo likumbukwe. Lakini naona si haki kumhesabia mtu mapato kabla hujamwuliza kama analala.

Nilimjibu kwamba atakayecheka nitaonana naye mimi. Ila nilimwomba jambo moja: asiamue juma lile. Alikuwa ametoka safari tatu za usiku mfululizo, na mwenye njaa ya usingizi huona kila mlango umefungwa. Alale kwanza, siku zake zote nne za mapumziko. Akiamka bado anataka kurudi, nitampokea Nairobi mwenyewe, na habari ya mabati nitaifikisha kwa baba mdogo kwa kinywa changu.

Siku ya kwanza alilala saa kumi na mbili. Ya pili tulikwenda kununua mapazia mazito meusi, tukayatundika sisi wenyewe tukisimama juu ya viti. Hapo urefu wa mkono wake ulitufaa kweli. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, tukaenda kanisani. Makanisa ya Dubai yana ibada za Ijumaa tangu zamani, kwa kuwa Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko ya nchi, hata serikali ilipohamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Mhudumu wa ndege huzipenda, kwani zampa siku mbili za kubahatisha badala ya moja. Huko alikuta Wakenya wauguzi, walinzi na wapishi, wakabadilishana nambari za simu. Ya nne alipika ugali wa unga wa duka lile la bibi, akawaita Mfilipino na Mbrazili, na kwa mara ya kwanza watatu hao wakala meza moja. Hakuniambia ameamua nini. Nilipokuwa nikifunga mizigo yangu niliona tu kwamba kamba ya mama imefunguliwa, na leso zake zimetandikwa kitandani.

Huu ni mwaka wake wa tatu. Mabati ya baba mdogo yalinunuliwa mwaka jana, kwa wakati alioutaka yeye, na karo ya binamu mmoja hulipwa. Wa pili aliambiwa angoje, naye anangoja. Arudipo likizo hulala siku mbili, na mama hufukuza kuku mbali na dirisha lake. Mwezi uliopita msichana mwingine kutoka Kenya alipewa chumba katika jengo lao. Mdogo wangu alimpelekea pazia jeusi na unga kilo mbili, akamwambia agonge mlango akiwa na shida yoyote, mchana au usiku, ila kwanza asome karatasi iliyo mlangoni aone kama mwenyewe amelala.