Tutazame Kabla Hatujaharimisha



Neno "haramu" ni zito, wala halifai kutamkwa na mtu ambaye hajakitazama kitu chenyewe. Mtoto anapotuuliza hukumu ya jambo, ametuamini. Akijibiwa kwa ghadhabu, mara ya pili hatauliza. Atafanya kwa siri.

Mpwa wangu wa miaka 12, anayekaa Leicester, Uingereza, aliniuliza: "Mjomba, haya nifanyayo yanafaa?" Yeye hupaka rangi vijisanamu vya mchezo wa mezani uitwao Frostgrave, uliotungwa na Joseph McCullough na kutolewa mwaka 2015. Kila mchezaji huwa na mchawi, mwanafunzi wake na askari wachache, nao hushindania hazina katika magofu ya mji wa kubuni uliogandishwa na barafu.

Nikamwambia anionyeshe. Kijisanamu kina urefu wa kama milimita 28 tu. Kwanza hukiosha kwa sabuni ili rangi ishike, kisha hukipaka rangi ya chini na kusubiri ikauke. Rangi nyingine huzimuliwa kwa maji, ikapakwa nyembamba mara mbili, kwani rangi nzito huziba uso na mikunjo ya nguo. Halafu hupitisha rangi nyeusi ya majimaji, ikatuama penye mabonde kama kivuli. Mwisho hushika brashi iliyo karibu kukauka, akagusa palipoinuka tu. Askari mmoja alimchukua jioni mbili. Mtoto ambaye mamake hulalamika kuwa hatulii, hapo alitulia.

Mimi si mufti, lakini niliona humu mna mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni sanamu. Makatazo ya kutengeneza sura za viumbe ni mashuhuri. Lakini Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitoto vya kuchezea, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza, akajibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye Mtume akacheka. Kwa ajili hiyo wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea vya watoto wa kike, na wengine wakaipanua ruhusa hiyo kwa watoto wote. Basi nilimwambia avifunge sandukuni, asivipambe sebuleni.

La pili ni dadu. Mchezo huu huamuliwa kwa dadu yenye nyuso 20. Mtume (S.A.W.) amekemea vikali mchezo wa nardi, nao ni wa dadu, na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa nardi ni haramu hata pasipo kamari. Wapo wanazuoni wa leo wanaolegeza pale ambapo fikra ndiyo inayotawala mchezo. Hapa sikumpa ruhusa. Nilimwambia aiweke dadu mpaka amuulize mwalimu wake wa madrasa.

La tatu ni uchawi. Aya ya 102 ya Suratul Baqara yatosha kutuonya na sihri, na kuizoea kwa mzaha si kuzuri. Lakini tuseme kweli, ndugu msomaji. Mtoto yule anajua kwamba mchawi wake ni plastiki. Katika mwambao wetu wako watu wazima, wenye kuswali, wanaopeleka pesa kwa mpiga ramli wakiamini kila neno lake. Ni yupi kati ya hao wawili aliye khatarini zaidi?

Ewe mzazi, mwanao akikuletea jambo geni, keti naye, ulitazame, ulipasue vipande. Lililo jema mwachie, ovu mkataze kwa upole, lenye shaka mpelekeni mwenye elimu. Na kabla ya kuvunja vya mtoto, tazama kwanza ulichojifunga wewe mkononi ukakiita kinga.

Wallahu aalam.