Nunua Iliyokufa, Lakini Nzima

Kipawa, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya injini nimeiona. Nakuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu nataka uisome taratibu, na ikibidi umsomee na fundi wako hapo Morogoro.

Unasema umepata injini ya Honda CG125 kwa bei ya kutupa, na unaomba nikuongezee pesa uanze kukusanya vilivyobaki kimoja kimoja: chasisi, tangi, rimu, siti, taa, mpaka itimie. Pesa nitakupa, ila kwa mpango huo hapana. Nunua pikipiki nzima. Iwe imekufa, iwe kuku wanatagia juu ya siti yake, mradi haijanyofolewa vitu na kadi yake ipo.

Kuichagua CG umefanya vizuri sana. Ilianza kutoka mwaka 1976, na Honda waliitengeneza wakijua inakwenda kwenye nchi ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Pikipiki zao nyingine nyingi za wakati ule zilikuwa na kamshafti juu, kwenye kichwa cha injini. Oili ikichakaa, kichwa chenyewe kinalika, na hapo unanunua kichwa kizima. Kwenye CG wakaishusha kamshafti chini, valvu zikawa zinasukumwa kwa vijiti virefu. Cheni nayo wakaifunika yote isile mchanga. Baadaye viwanda vya China vikaiga injini hiyo, na nyingi ya pikipiki za Kichina unazoziona kwenye vijiwe vya bodaboda zina injini ya ukoo huohuo.

Sasa hebu angalia hilo lina maana gani kwetu tunaouza spea. Ringi, gasketi, sahani za klachi, vijiti vya valvu, hata pistoni ya milimita 56.5, vyote vimejaa Kariakoo kwa ajili ya bodaboda za 125, na vingi vinaingia kwenye Honda ya zamani ukipima vizuri. Kwa hiyo, injini hiyo inayokunyima usingizi ndiyo kitu chepesi kupatikana kuliko vyote. Kazi iko kwenye mabati: tangi la Honda lenyewe, kava za ubavuni, kile kifuniko cha cheni cha vipande viwili, na kigia kidogo cha spidomita kinachokaa kwenye habu ya mbele. Watu wa bodaboda hawaviulizii, kwa hiyo wafanyabiashara hawaviagizi. Na bila hivyo huna CG. Utafunga injini kwenye chasisi ya Kichina, utabandika tangi linalofananafanana, itatembea na itakufikisha unakokwenda, lakini moyo wako hautatulia, nakujua.

Nikueleze yanayotokea kaunta kwangu. Mteja anafika asubuhi, anafungua gazeti, ndani mna kipande kimelika nusu na grisi imeganda. Nakifuta kwa tambara lenye petroli, nakipima kwa kalipa, nahesabu meno, natazama kimelika upande gani. Kama sina, namwelekeza Gerezani. Gerezani kikikosekana, anakwenda SIDO Vingunguti kwa mafundi wa kukereza, na wao swali lao la kwanza ni lilelile langu: sampuli iko wapi? Hata sampuli iliyovunjika inatosha, wataisoma na kutoa mpya.

Mwingine anakuja na picha kwenye simu. Anataka bushi ya swingi amu. Ya kipenyo gani? Hajui, hajawahi kuishika, maana chasisi aliipata bila hiyo bushi. Namuuzia kwa kukisia, kesho anarudi haijaingia. Nampa nyingine, inaingia lakini inacheza. Huyo namwonea huruma kuliko wateja wangu wote, na sitaki uwe yeye. Kinachommaliza ni vitu vidogo: spesa ya ekseli, springi ya stendi, washa yenye unene wake maalumu. Orodha ya vitu hivyo hawezi hata kuiandika, kwa sababu hajui kama vinatakiwa kuwepo. Pikipiki nzima, hata ikiwa mbovu kupindukia, inakupa sampuli ya kila kitu, na inakuonyesha kila kitu kinakaa wapi.

Lingine ni kadi, na hapo hatutabishana. TRA wanasajili chombo kwa namba ya chasisi na namba ya injini. Ukiokota chasisi huku na injini kule, utamwambia nini trafiki? Na nani atakuapia kwamba chasisi hiyo haikuibwa? Popote utakapokwenda kutazama pikipiki, anza shingoni, pale uma wa mbele unapoingia. Futa uchafu, mulika tochi, pitisha kidole. Tarakimu za kiwandani zina kina kinacholingana. Palipopitishwa jiwe la kusagia utahisi kibonde, na mara nyingi rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani. Kisha soma kadi, tarakimu kwa tarakimu. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au awe na mkataba wa mauziano unaomfikisha kwa aliyeandikwa. Kama mwenye kadi ni marehemu, muulize msimamizi wa mirathi ni nani na barua ya mahakama iko wapi. Akianza kukuzungusha, ondoka.

Najua unachokitaka hasa ni kuijenga kwa mikono yako. Hilo hutalikosa. Tutaifungua yote hapa uwani, hadi boliti ya mwisho, kila kundi kwenye kopo lake na karatasi yake. Ungekuwa na chasisi yenye kadi pamoja na tangi lake, ningekuambia anza kukusanya kesho. Kwa injini peke yake, hapana.

Kuna CG moja hapa Kiwalani nimekwenda kuiona. Kiki haishuki, pistoni imeng'ang'ania. Tangi lina kutu ndani. Kava moja ya ubavuni imepasuka, lakini ipo. Kifuniko cha cheni kipo, vipande vyote viwili. Namba ya chasisi na ya injini nimezisoma, zinaoana na kadi, na anayeuza ndiye mwenye kadi. Kung'ang'ania kusikutishe: tutamimina oili kwenye tundu la plagi, tuiache ilowe kabla ya kuilazimisha, na bloku ikiwa imechunika itachongwa, pistoni ya ovasaizi ninayo dukani.

Mzee anayeiuza amekubali kusubiri mpaka Jumapili. Mwambie huyo wa injini huichukui. Jumamosi panda treni ya SGR ushuke Pugu, ukishapata daladala ya kuja huku unipigie. Njoo na nguo za kazi, kitambulisho cha NIDA na namba yako ya TIN, maana nataka kadi ihamie kwenye jina lako kabla hatujagusa hata boliti moja.

Msalimie sana mama yako, na baba mwambie nimeshakujibu.

Shangazi yako